Kamera moja, ndege wengi: tuliyojifunza kando ya Ziwa Nakivale



Mwezi huu tumepewa ukurasa huu sisi wa klabu ya picha, yaani walimu wawili wa kujitolea na wanafunzi kumi na mmoja. Wengi wenu mmetuona Jumamosi asubuhi tukishuka kuelekea ziwani, kamera moja shingoni, daftari mkononi. Wengine mmecheka. Mama mmoja alituuliza pale kwenye bomba la maji: "Walimu, na njaa hii, mnaenda kupiga ndege foto? Si afadhali mngempiga jiwe tukamla?" Tulicheka naye, lakini swali lile tulilichukua mpaka nyumbani. Leo tunajaribu kulijibu. Ndani ya jibu kuna kosa letu, na tunaona ni vizuri mlisikie kutoka kwetu wenyewe kuliko kulisikia njiani.

Ziwa tunaloliona kila siku

Makazi yetu ya Nakivale ni ya zamani. Yalianza mwaka 1958, yakapokea kwanza wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye tukaja sisi wa Kongo, wa Burundi, wa Somalia, wa Ethiopia na wengine. Wengi wetu tulifika usiku, ndani ya basi, tumechoka. Asubuhi tuliona vumbi jekundu, mahema, na kule chini maji. Tukasema: kuna ziwa. Basi. Hatukuuliza zaidi, maana tulikuwa na mengine ya kuuliza.

Kumbe ziwa lile linajulikana mbali. Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar huko Iran, nchi mbalimbali zilifanya mapatano ya kulinda ardhi oevu, yaani kinamasi, mabwawa na maziwa yenye matete. Mwaka 2006 Uganda iliandikisha kinamasi chote cha Mburo na Nakivale katika orodha ya mapatano hayo. Ndiyo maana tarehe 2 Februari kila mwaka ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani.

Kwa nini wahangaikie matope? Kwa sababu mafunjo na matete huchuja maji. Mvua ikinyesha, kinamasi hushika maji kama sifongo, halafu huyaachia polepole wakati wa kiangazi. Samaki huzalia humo. Na maji mengi ya bomba tunayokunywa hapa hutoka katika ziwa hilohilo. Kwa hiyo ndege tunaowapiga picha ni majirani zetu. Tunakunywa kisima kimoja.

Kamera ilivyofika na tulivyoanza vibaya

Kamera yetu ni ya zamani. Tuliachiwa na mwalimu mwenzetu aliyemaliza muda wake. Kioo cha nyuma kina ufa, na betri zake ni zile za redio, zikiisha tunachanga. Inavuta karibu kidogo tu, si kama zile kubwa za watalii.

Miezi miwili ya kwanza hatukupata kitu. Tulikuwa tunamwona ndege, tunamkimbilia, anaruka. Tulirudi na picha za mikia, picha za maji matupu, na moja ya kidole cha mwalimu. Watoto walianza kukata tamaa. Mmoja alisema ndege wa Nakivale wana roho mbaya.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja anayeshona nyavu karibu na njia ya ziwani. Yeye alivua samaki miaka mingi Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Alikuwa anatuangalia tu kila wiki tukipita mbio. Siku moja akatuita.

"Walimu, shikamooni zenu nimezikubali, lakini hebu niambieni. Mnatafuta nini kule?"

"Ndege, mzee wetu."

"Mbona mnawafukuza?"

Tulikosa jibu. Akaendelea kushona, akasema: "Samaki humfuati na mbio, unamngojea. Ndege ni vilevile. Kaeni chini. Nyamazeni. Atakuja mwenyewe akiona nyinyi ni kama kisiki."

Basi, tukawa visiki.

Tulichokiona tulipokaa

Wiki ya kwanza ya kukaa ilikuwa ngumu kuliko kukimbia. Mbu, jua, na watoto wanaotaka kucheka. Lakini baada ya nusu saa hivi kinamasi husahau kwamba upo, na mambo yanaanza kutokea mbele yako.

Tulimwona mdiria, yule mweusi na mweupe, akisimama angani pale pale kama ametundikwa kwa kamba, mabawa yakipiga haraka, kichwa kimetulia. Halafu, chubwi! Anatoka na samaki. Mara nyingi anatoka bila samaki. Tulihesabu asubuhi moja: alijitupa mara tisa, akapata mara mbili. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amerudia mtihani wa hesabu aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake, akaichorea mstari. Hatukumwambia kitu.

Tulimwona ndege mwekundu wa kahawia mwenye vidole virefu sana, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba ni sakafu. Kwa ndege huyu baba ndiye anayelalia mayai na kulea watoto. Hatari ikija, anawakusanya vifaranga chini ya mabawa yake na kuondoka nao, vijiguu vyao vinaning'inia nje. Jike huenda zake kutafuta mume mwingine. Tulipoeleza hayo darasani, wasichana walipiga makofi. Mvulana mmoja, anayelelewa na baba yake peke yake tangu walipovuka mpaka, aliomba kamera wiki mbili mfululizo. Alitaka ndege huyo tu.

Na tuliwaona mbayuwayu, wadogo kabisa, uzito wao ni kama gramu 20 tu. Wengi wao huzaliwa Ulaya. Baridi ikikaribia huko, wanavuka bahari, wanavuka jangwa la Sahara, wanakuja mpaka huku kwetu. Mwalimu mmoja alitaka kuligeuza somo, akasema: "Mnaona? Hata ndege ni wakimbizi kama sisi."

Msichana wa darasa la sita akajibu: "Hapana mwalimu. Wao wanarudi kwao kila mwaka."

Palikuwa kimya. Tangu siku hiyo tuliacha kuwafananisha ndege na sisi kwa haraka. Ndege ni ndege. Ana mambo yake. Kazi yetu ni kumwangalia vizuri kwanza, mafundisho yakija yaje baadaye.

Umusambi

Sasa tufike kwenye lile kosa.

Ndege tuliyemtaka kuliko wote ni korongo taji. Warundi na Wanyarwanda wanamwita umusambi, Waganda wanamwita ngaali. Mnamjua: mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, mgongo wa kijivu, mashavu meupe, na kichwani nywele za dhahabu zilizosimama kama taji. Ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda tangu uhuru wa mwaka 1962, ameinua mguu mmoja kana kwamba anasonga mbele. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi na hucheza pamoja, wanainama, wanaruka, wanatandaza mabawa.

Lakini wanapungua. Tangu mwaka 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Katika miaka kama 45 idadi yao imeshuka zaidi ya nusu. Sababu zinajulikana: kinamasi kinakaushwa na kulimwa, mayai yanachukuliwa, na vifaranga vinakamatwa viuzwe kwa watu wanaotaka kuvifuga uani kama pambo. Hapa Uganda sheria inakataza kuwakamata. Kule Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kazi ya kuwatoa misambi waliokuwa wamefungwa majumbani na mahotelini. Wanaoweza kuruka wanarudishwa porini, na waliokatwa mabawa wanatunzwa mahali pao huko Kigali.

Sisi tulikuwa tumewaona kwa mbali tu. Mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, mwanafunzi mmoja akaja mbio: ameona kiota! Kilikuwa pembeni ya kinamasi, karibu kabisa na shamba la mahindi la mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani. Majani yamekanyagwa, yamelundikwa katikati ya maji, na ndege amelala juu.

Tulisahau yote ya mzee. Tulikuwa wanane siku hiyo. Tulisogea. Tukasogea tena, kwa sababu kamera yetu haivuti mbali. Tulisema hatua mbili tu. Halafu mbili tena. Ndege aliinua kichwa, tukasema ametuzoea. Sasa tunajua kwamba pale alikuwa anatuonya.

Akasimama. Alifungua mabawa yote mawili, jua la asubuhi likapita kwenye taji lake, na chini ya miguu yake yakaonekana mayai matatu ya buluu hafifu. Aliyeshika kamera akabonyeza. Ile ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga. Kila kitu kimo. Haikutikisika hata kidogo.

Akaruka. Mwenzake aliyekuwa malishoni akapiga kelele, akamfuata. Tulibaki pale tukiangaliana kioo cha kamera, tunashangilia. Tulikaa dakika nyingi tukisubiri arudi tupige nyingine. Kwa vile tulikuwa tumesimama pale pale, hakurudi.

Wiki iliyofuata tulikuta maganda. Kunguru au kenge, hatukuona. Kiota kilikuwa baridi.

Mwenye shamba

Tulijua lazima twende kwa mwenye shamba, maana tulikuwa tumekanyaga mahindi yake. Njiani tulikuwa tumeandaa maneno. Na tuseme ukweli: baadhi yetu tulikuwa tumeandaa pia hotuba ya kumweleza mama kwamba kulima kinamasi si vizuri, ndege wanapungua, na kadhalika. Tulikuwa na takwimu zetu.

Mama alitukaribisha, akatupa mkeka. Tulipomaliza kuomba msamaha wa mahindi, akasema:

"Mahindi si kitu, walimu. Lakini yule ndege mlimfukuza?"

Tukauliza kama alijua.

"Nilijua siku nyingi. Wiki tatu nzima nililima nikafika pale kwenye yale majani makubwa, nikaacha. Niliwaambia watoto wangu wapite upande wa juu. Alikuwa amebakiza siku chache, maana analalia kama mwezi mmoja. Anayelalia mayai hasumbuliwi. Hata kwetu Masisi tulijua hivyo."

Tuliangalia. Kweli, mistari ya mahindi ilikuwa imenyooka halafu inakatika, imezunguka kona ile kama nusu duara. Mama ambaye mgao wake umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, mwenye watoto watano, aliacha kipande cha shamba lake bila kupanda kwa ajili ya ndege. Hakuna aliyemfundisha. Hana kamera. Na sisi, wapenzi wa ndege, wenye klabu na daftari, ndio tuliomharibia.

Hotuba yetu tulirudi nayo mfukoni.

Picha ambayo hatukuitundika

Wiki hiyo tulikuwa tunaandaa maonyesho ya picha ukutani shuleni. Kukawa na mabishano. Wengine walisema ile picha itundikwe, kubwa, katikati: kosa limeshafanyika, mayai hayarudi, na watu waone uzuri wake. Wengine walisema hapana.

Aliyemaliza mabishano ni yule yule msichana wa darasa la sita. Alisema hivi, tunaandika alivyosema:

"Siku tulipofika, tulikuwa tumekaa chini kwenye mapokezi. Mama alikuwa analia na hakuwa na kitambaa kichwani. Mtu akaja na kamera, akapiga, akaenda zake. Hakuuliza. Mimi sijui ile foto iko wapi. Labda ni nzuri. Mama mpaka leo anaona haya."

Kila mtu darasani alikuwa na habari kama hiyo, au alikuwa na jamaa mwenye habari kama hiyo. Sisi watu wa kambini tumepigwa picha nyingi. Tunajua inavyokuwa mtu anapokusogelea siku ambayo huna nguvu ya kumkataza. Hatukuwahi kufikiri kwamba tukishika kamera sisi wenyewe, tunaweza kuwa mtu yule.

Picha ile haikutundikwa. Mahali pake katikati ya ukuta tuliweka picha ya kona ya shamba: mistari ya mahindi inayozunguka, na majani makubwa. Mama mwenye shamba tulimwomba ruhusa kwanza. Alikubali, akataka tumpige na yeye pia, akaenda kubadilisha kitenge. Tulimsubiri.

Mambo tunayoyafuata sasa

Kwa vijana wanaotaka kujaribu, hata kwa simu ya mkononi, hizi ndizo kanuni zetu:

1. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni kwako. Mwanga wa saa moja na saa mbili ni laini, na ndege wanakula.

2. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani.

3. Kaa chini. Viwiko juu ya magoti, vuta pumzi, toa polepole, ndipo ubonyeze. Tafuta jicho la ndege, jicho likionekana vizuri picha inaishi.

4. Ndege akiacha kula akakuangalia, umefika mbali mno. Usisogee tena. Akiinua shingo, rudi nyuma.

5. Kiota hakisogelewi. Ukikiona, pita mbali, na usimwambie kila mtu kilipo.

6. Usiingie majini, kuna kichocho, na usikae ziwani jioni wala alfajiri ya giza, kuna viboko. Watoto waende na mtu mzima siku zote.

7. Ukimpiga mtu picha, muulize kwanza. Akisema hapana, ni hapana.

Picha nzuri ni ile ambayo ukiondoka, ndege anaendelea kula kama vile hukuja.

Kwa yule mama wa bombani

Sasa tunarudi kwenye swali. Je, picha ya ndege inashibisha? Hapana. Tukirudi nyumbani saa nne, tumbo liko vilevile. Hatutaki kumdanganya mtu.

Lakini hapa kambini siku nyingi tunangoja: kupigwa chapa kadi, kuitwa jina, jibu la barua, mwaka wa kurudi. Kungoja huko kunachosha kwa sababu macho yetu yako mahali pengine. Kule ziwani tumejifunza kungoja kwa namna nyingine, macho yako wazi, unaona kilicho mbele yako. Wanafunzi wetu watatu ambao hawakuwa wanaweza kukaa dakika kumi darasani, sasa wanakaa. Mwalimu mmoja kati yetu, ambaye usiku hakuwa anapata usingizi vizuri, anasema asubuhi za Jumamosi ndiyo saa pekee ambayo kichwa chake hakirudi kule tulikotoka. Subira huvuta heri, wazee walisema. Sisi tunaongeza kidogo: hata heri isipofika leo, umemwona mdiria.

Mwezi wa nne, mvua zilipokolea, tuliona misambi wawili malishoni wakicheza. Hatujui kama ni wale wale. Tulikaa mbali, chini ya mti, kamera yetu haikuweza kuwafikia. Kwenye picha ni vitone viwili vya kijivu. Imetundikwa ukutani. Njooni muione.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Wazazi, baada ya chakula ulizeni watoto, na watoto waulizeni wakubwa: Kule kwetu, ndege gani walikuwa karibu na nyumba, na waliitwaje kwa lugha yetu? Kulikuwa na ndege ambaye ilikatazwa kumsumbua? Kwa nini? Na je, kuna picha yako iliyowahi kupigwa ambayo ungependa irudishwe?

Majina ya ndege kwa lugha zenu tuleteeni shuleni, tunayaandika katika daftari moja. Mpaka sasa tuna lugha saba.

Tunamshukuru mzee wa nyavu, na mama mwenye shamba. Msimu huu amepanda tena, na kona ile ameiacha wazi, ndege akipenda kurudi.

Tukutane mwezi ujao.